MVUMO WA GITAA: USIMNYAMAZISHE MLINZI

Jioni moja ya Jumamosi, miaka michache iliyopita, tulikuwa mjini Busia, katika kiwanja kisicho mbali na mpaka wa Uganda na Kenya. Mchana wa siku hiyo askari walikuwa wamecheza mpira wa kirafiki na vijana wa mji, na usiku ulikuwa umetengewa muziki. Watu walikwisha kujaa tele: askari pamoja na familia zao, akina mama wachuuzi, madereva wa malori waliokuwa wakingoja zamu ya kuvuka, na vijana wa bodaboda, ambao jina la kazi yao lilizaliwa katika mpaka huu huu, enzi za kuwabeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Ilipotimia saa moja ya usiku, mpiga gitaa wa bendi, koplo mmoja hodari sana wa kazi yake, alichomeka waya wa gitaa katika amplifaya. Kabla hajagusa hata uzi mmoja, ukatoka mvumo mzito uliokijaza kiwanja kizima kama nyuki walioingiliwa mzingani. Koplo akapunguza sauti ya gitaa, mvumo ukabaki. Akabadilisha waya, mvumo ukabaki. Watu wakaanza kupiga miluzi, na wakubwa waliokaa mbele wakaanza kutazama saa zao.

Kijana mmoja aliyekuwa akitunza vyombo akatujia mbio. "Afande," akasema, "dawa ya kelele hii ni ndogo tu. Tuukate waya wa ardhi katika plagi ya amplifaya, na kelele itakwisha sasa hivi. Kila siku tunafanya hivyo."

Sisi ndio tuliokuwa tumekabidhiwa shughuli ile, na aibu yake ingekuwa yetu. Tunaungama mbele ya wasomaji kwamba neno "haya, ukate" lilikuwa limekwisha kufika kwenye ncha ya ulimi. Lilizuiwa na mzee mmoja, fundi wa redio kutoka Tororo, aliyekuja kutazama mpira tu. Alinyanyuka kitini akasema kwa upole: "Afande, kabla hujamwondoa mlinzi kwenye lindo lake, muulize kwanza ameona nini."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Gitaa na maisha ya askari wa Afrika Mashariki ni mambo yaliyozoeana tangu zamani. Askari wa KAR waliorejea kutoka Burma na India baada ya vita ya 1939 hadi 1945 walikuwa miongoni mwa watu waliolieneza gitaa katika nchi zetu. Baadaye Kenya ikapata Maroon Commandos, bendi ya Kikosi cha 7 cha Kenya Rifles, iliyovuma sana katika miaka ya 1970 chini ya marehemu Habel Kifoto. Na Tanzania ikapata Mwenge Jazz ya jeshi na Polisi Jazz ya polisi. Hata leo, katika kambi na vituo vingi, jioni haikosi askari mwenye gitaa. Basi si jambo dogo kujua mvumo ule watoka wapi, watafutwa namna gani, na kwa nini waya wa ardhi usiwe kamwe ndio unaolipishwa gharama ya kuuondoa.

UMEME USIOJUA MPAKA

Umeme utokao katika soketi za nyumba zetu hauendi upande mmoja kama maji ya mto. Huenda na kurudi, na katika Uganda na Kenya hufanya hivyo mara 50 katika kila sekunde. Kila chombo kinachoutumia, iwe transfoma ya nguzoni, feni, taa ya bomba au amplifaya yenyewe, huutikisa mwendo huo katika hewa iliyokizunguka. Gitaa la umeme huudaka mtikisiko huo, na spika huugeuza kuwa sauti.

Kwa hiyo mvumo si kelele ya ovyo. Una noti yake maalum. Mitetemo 50 kwa sekunde iko karibu sana na noti ya G ya chini, ile ambayo mpiga besi huipata katika kizuizi cha tatu cha uzi wake mnene kuliko zote, ingawa mvumo uko juu yake kidogo. Marekani umeme huenda na kurudi mara 60, na mvumo wa huko huangukia kati ya B-bapa na B. Mwanamuziki mwenye sikio zuri aweza kukuambia yuko bara gani kwa kusikiliza amplifaya mbovu tu.

Hapa mpakani jambo hili lina historia yake. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mnamo 1958 umeme wake ulianza kupelekwa Kenya kwa njia kuu ya kilovolti 132 iliyopita Tororo. Tangu hapo mitambo ya nchi hizi mbili imeunganishwa, na maadamu imeunganishwa hulazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Msamia wa Busia ya Uganda na nduguye wa Busia ya Kenya, Mwiteso wa Tororo na nduguye wa ng'ambo ya Malaba, wote husikia mvumo ule ule wa noti ile ile. Umeme haukuombwa pasipoti.

UCHUNGUZI PALE KIWANJANI

Turejee kiwanjani. Mzee hakufungua chombo chochote wala hakuomba bisibisi. Alianza kama anavyoanza afisa wa upelelezi: kwa kuwatenga washukiwa mmoja mmoja.

"Mwanangu," alimwambia koplo, "chomoa gitaa lako kabisa." Koplo akachomoa. Mvumo ukaendelea katika zile spika kubwa za kiwanjani. Basi gitaa likawa limetoka katika orodha ya washukiwa wakuu, angalau kwa wakati huo.

"Sasa chomoa waya unaotoka katika amplifaya kwenda kwenye miksa." Ukachomolewa. Mara kimya! Amplifaya peke yake ilikuwa shwari, na miksa peke yake ilikuwa shwari. Kelele ilizaliwa pale tu vilipounganishwa.

Mzee akatabasamu, akauliza: "Amplifaya imechomekwa wapi?" Akaonyeshwa soketi ya ukumbi. "Na miksa?" Akaonyeshwa waya mrefu uliotoka katika duka la kando ya barabara.

Hapo ndipo tulipojifunza somo la kwanza. Kila jengo lina waya wake wa ardhi, yaani ule unaoshuka hadi kwenye chuma kilichozikwa udongoni. Ardhi ya ukumbi na ardhi ya duka hazilingani kabisa. Kati yake huwa kuna tofauti ndogo ya umeme. Vyombo viwili vikiunganishwa kwa waya wa sauti, ule wavu wa nje wa waya huo hukamilisha duara: kutoka ardhi ya ukumbi, kupitia amplifaya, kupitia waya wa sauti, kupitia miksa, hadi ardhi ya duka. Tofauti ile ndogo hupata njia, umeme huzunguka katika duara, na amplifaya hudhani kuwa ni muziki.

Dawa yake haikuwa kisu. Miksa ilichomolewa dukani ikachomekwa kwenye ubao mmoja wa soketi pamoja na amplifaya, vyote vikanywa katika kisima kimoja. Mvumo ukashuka mara moja, na watu wakapiga makofi.

Mzee lakini hakuketi. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Chini ya ukimya ule bado kulikuwa na mvumo mwembamba, mfano wa mtu anayeguna usingizini. "Huyu mlinzi," akasema, "hajamaliza taarifa yake."

SINDANO ILIYOSOGEA

Aliizima amplifaya na kuichomoa kabisa katika soketi. Kisha akatoa mfukoni mita ndogo ya kupimia umeme. Akabonyeza swichi ya amplifaya iwe kama imewashwa, ingawa plagi ilikuwa mkononi mwake, akaweka ncha moja ya mita kwenye pini ya moto na ya pili kwenye ile pini ndefu ya ardhi. Kati ya pini hizo mbili haifai kuwa na njia yoyote. Sindano ya mita haitakiwi kusogea hata kidogo. Sindano ilisogea. Ilisimama penye kiloomu 6.

Tulifanya hesabu pale pale. Volti 240 zikipita katika kizuizi cha omu 6,000 hutoa miliampia 40. Transfoma ya amplifaya ile kuukuu ilikuwa imeingia unyevu, na umeme ulikuwa ukivuja kutoka kwenye waya wa moto hadi kwenye sanduku la chuma la chombo. Uvujaji wenyewe ulikuwa mdogo mno kukata fyuzi. Ulikuwa ukishuka kimya kimya katika waya wa ardhi, na hapo ndipo mvumo ule mwembamba ulipokuwa ukitokea. Naam, waya ule ule tuliokuwa tunataka kuukata!

Sasa msomaji na afikiri. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa kwa waya hadi kwenye sanduku la chuma la amplifaya. Ukiukata waya wa ardhi katika plagi, umeme unaovuja hukosa pa kushukia, hukaa katika sanduku, na kutoka hapo hupanda hadi kwenye nyuzi. Koplo angeshika nyuzi hizo kwa mikono yake, kisha angesogeza midomo kwenye maikrofoni ambayo chuma chake kimeshika ardhi sawasawa kupitia miksa. Daraja kati ya viwili hivyo lingekuwa kifua chake. Hata tukihesabu kizuizi cha mwili wa mtu mwenye jasho, miliampia zaidi ya 30 zingepita. Kiasi hicho chatosha kukaza misuli ya mkono usiweze kuachia, na kuhatarisha pumzi na moyo. Ndiyo maana vile vikata-umeme vya kulinda maisha, vinavyofungwa karibu na mita ya nyumba, hutengenezwa kukata penye miliampia 30. Ukumbi ule haukuwa nacho.

Kijana wetu wa vyombo angeweza kujitetea kwamba hata waya wa ardhi ukikatwa, sanduku la amplifaya bado lingeishika ardhi kupitia ule waya wa sauti uendao kwenye miksa. Ni kweli, na hapo ndipo ulipo mtego wenyewe. Kwa sababu hiyo watu wengi hukata waya wa ardhi na kupiga muziki miaka mingi bila madhara, wakaamini kwamba wamepata elimu. Lakini waya wa sauti ni mwembamba. Hukanyagwa, hukatika ndani kwa ndani, huchomolewa kwa bahati mbaya katikati ya wimbo. Siku hiyo hakuna kitakachobaki kati ya mpiga gitaa na kaburi.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 3 Mei, 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, nchini Uingereza, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi. Mwezi Mei, 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, aliuawa na umeme nyumbani kwake akipiga gitaa. Ikiwa yametokea katika nchi yenye mafundi na kanuni tele, sembuse kwetu, ambako si ajabu kukuta plagi ya pini mbili imesukumwa katika soketi ya matundu matatu, huku kijiti au mfuniko wa kalamu umetiwa katika tundu la ardhi ili kufungua njia?

Amplifaya ile iliwekwa kando usiku ule. Tuliazima nyingine, na muziki ulianza dakika 40 baada ya wakati uliotangazwa. Aibu tuliipata, nayo ilipita. Koplo alipiga hadi saa sita.

KARAKANA YA TORORO

Hata hivyo, usiku ule tuligundua jambo lingine. Kwa amplifaya ya kuazima, gitaa la koplo lilikuwa na mlio mkali wa kukwaruza, tofauti na ule mvumo mzito. Akishika nyuzi, mlio haukubadilika. Akigusa kile kipande cha chuma penye tundu la waya, ulipungua. Mzee alisikia akasema: "Nileteeni kesho. Hilo ni donda la ndani."

Kesho yake tukaenda Tororo. Karakana ya mzee ni chumba kimoja chenye mlango unaoutazama ule mwamba mkubwa wa Tororo, alama ya mji. Koplo akaondoa nyuzi na kufungua kifuniko, na sisi tukainama kutazama ndani ya gitaa kwa mara ya kwanza katika maisha yetu.

Chini ya nyuzi kuna kisanduku chembamba ambacho wanamuziki hukiita pikapu. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku umesokotwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa mtu, mizunguko maelfu kwa maelfu. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitikiswa karibu na koili, umeme huzaliwa katika koili hiyo. Uzi wa chuma wa gitaa unapotetemeka juu ya sumaku, hufanya kazi hiyo hiyo: huitikisa nguvu ya sumaku, na umeme kidogo mno huzaliwa, ambao amplifaya huukuza mara nyingi sana. Ubaya wake ni kwamba koili haiwezi kubagua. Mtikisiko wa uzi na mtikisiko wa transfoma ya nguzoni kwake ni mamoja.

Mzee alitufundisha kwamba kelele za gitaa ni za kabila mbili, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni ule mlio wa kukwaruza. Huu hudakwa na nyaya za ndani zisizofunikwa, na mara nyingi mwili wa mpigaji mwenyewe ndio unaouleta, kwa kuwa hufanya kazi ya antena. Taa za bomba, vififishio vya taa, chaja hafifu za simu, na vile vibadilisha-umeme vya bei nafuu vya sola huuzalisha kwa wingi. Tiba yake ni kuufunika uwazi wa ndani ya gitaa kwa karatasi ya shaba au ya alumini, pande zote bila kuacha pengo, kisha kuiunga karatasi hiyo na waya wa ardhi wa gitaa. Karatasi isiyoungwa na ardhi haisaidii kitu. Ni sawa na ukuta usio na msingi. Lazima pia kuangalia kwamba karatasi haigusi waya wa sauti, ama sivyo gitaa litakuwa bubu.

Ya pili ni ule mvumo mzito wa mitetemo 50, uingiao kwa njia ya sumaku. Karatasi ya shaba haiuzuii. Utautambua kwa dalili moja: mpigaji akigeuka polepole akiwa amelishika gitaa, mvumo hupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Tiba ya kwanza ni kusogea mbali na amplifaya na transfoma, na kutafuta upande wenye utulivu. Tiba ya pili tutaieleza hivi punde.

Katika gitaa la koplo ugonjwa ulionekana upesi. Chini ya lile daraja la chuma linaloshika nyuzi hupita waya mmoja mdogo uendao kwenye ardhi ya gitaa. Kazi yake ni kuziunga nyuzi, ili mpigaji akizishika mwili wake uache kuwa antena. Waya huo ulikuwa umekatika penye lehemu, labda kwa safari nyingi ndani ya malori.

"Kumbe, Mzee," koplo akasema, "kelele yote ile nilikuwa naileta mimi mwenyewe?"

"Ulikuwa unaileta wewe, mwanangu, lakini kosa si lako. Ni la waya huu."

Mzee akaukwangua hadi shaba ikang'aa, akausafisha, akaulehemu upya. Alituonya kwamba lehemu nzuri hung'aa na kutandaa. Ile iliyofifia na kujikunja kama tone huwa imeshika kwa juu tu, nayo itaachia. Kisha akapima kwa mita kutoka kwenye uzi hadi kwenye chuma cha tundu la waya: njia wazi. Gitaa likafungwa, likachomekwa. Koplo akaweka vidole juu ya nyuzi, na mlio ukakatika.

WALINZI WAWILI KATIKA LINDO MOJA

Ile tiba ya pili ya mvumo mzito ilibuniwa na Mmarekani Seth Lover, fundi aliyewahi kulitumikia jeshi la majini la nchi yake kabla ya kuajiriwa na kampuni ya magitaa ya Gibson mjini Kalamazoo. Aliomba hataza ya ubunifu wake mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959.

Fikiri walinzi wawili waliowekwa katika lindo moja, mmoja akitazama mashariki na mwingine magharibi. Kelele itokayo mbali huwafikia wote wawili kwa pamoja, lakini kila mmoja huiandika kinyume cha mwenzake. Ripoti zao zikijumlishwa, kelele hufutika. Seth Lover aliweka koili mbili badala ya moja, akazigeuza ili mvumo wa nje uingie katika hii ukiwa chanya na katika ile ukiwa hasi. Kisha, na hapo ndipo palipokuwa na akili, akaigeuza na sumaku ya koili moja. Kwa hiyo sauti ya uzi, ambayo hutokana na sumaku, hugeuzwa mara mbili na kurudi ilivyokuwa. Mvumo hufutana, muziki hujumlika.

Magitaa yenye pikapu za koili moja, kama Stratocaster iliyotolewa na Leo Fender mwaka 1954, bado yanapendwa kwa sauti yake ya kung'aa, inayofaa sana muziki wetu wa nyuzi za juu. Mengi ya siku hizi yana pikapu ya katikati iliyosokotwa kinyume. Mwenye gitaa la namna hiyo akiweka swichi katika nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili hufanya kazi pamoja na mvumo hupungua sana, bila kutumia hata senti.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwa askari yeyote mwenye gitaa, huu ndio utaratibu tulioutoa Busia na Tororo. Tunamsihi aukate na kuubandika ndani ya kifuniko cha sanduku la gitaa lake.

Kwanza, chomoa gitaa. Mvumo ukibaki, tafuta katika amplifaya na soketi, si katika gitaa. Kama chombo kiko peke yake na bado kinavuma noti ile ile ya G lakini oktavu moja juu, yaani mitetemo 100, huenda kapasita zake zimekauka. Hilo ni la fundi pekee, kwa sababu ndani ya amplifaya, hasa za valvu, umeme wa kuua hubaki hata baada ya kuchomolewa.

Pili, rudisha gitaa na kushusha sauti yake hadi sifuri. Kelele ikibaki, badilisha waya, kisha angalia tundu la gitaa.

Tatu, pandisha sauti na kugusa nyuzi. Kelele ikipungua, gitaa ni zima ila lahitaji kufunikwa ndani kwa karatasi. Isipobadilika, lakini ikapungua ukigusa chuma cha tundu, waya wa daraja umekatika. Ikizidi ukigusa, huenda nyaya mbili za tundu zimebadilishana nafasi.

Nne, geuka polepole. Kelele ikipanda na kushuka, inaingia kwa sumaku.

Tano, ikiwa inatokea vyombo viwili vinapounganishwa tu, vichomeke katika soketi moja. Hilo lisipotosha, mwombe fundi aweke transfoma ndogo ya kutenganisha katika waya wa sauti. Duara hukatwa katika waya wa sauti, haikatwi kamwe katika waya wa umeme.

Sita, ukihisi nyuzi au maikrofoni ikikuchoma hata kidogo, kama mdudu anayetambaa, zima na kuchomoa kila kitu. Usimalize wimbo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mvumo ni namna ya chombo kusema kwamba kinaumwa. Anayeutafuta hadi kwenye chanzo chake humaliza ugonjwa; anayeukatia waya wa ardhi humaliza ukelele tu, na ugonjwa huuacha ndani pamoja naye.

Amplifaya ile ya Busia ilitiwa transfoma mpya, nayo ingali kazini. Yule kijana wa vyombo, ambaye kila siku alikuwa akikata, sasa ndiye anayekagua plagi zote kabla ya muziki kuanza. Amezungushia kila moja utepe mwekundu, na juu ya utepe ameandika kwa wino mweusi: MLINZI YUPO.